UZI: Siku mbili na usiku mmoja Kinosaki, mji wa maji moto kaskazini mwa Hyogo, Japani

Mtoa uzi

Habari za leo wakuu. Kuna mdau aliuliza juzi kama mtu aliyekuja Japani kwa wiki moja tu anaweza kwenda kuoga maji ya chemchemi bila kuzimaliza siku zake kwenye treni. Nilimjibu mistari miwili, kisha nikaona nimempunja. Naishi Kobe, huu mwaka wa tano, na Kinosaki nimekwenda mara nne. Ya kwanza niliikosea, tatu zilizofuata nilizifaidi. Naweka hapa ninachokijua, anayetaka kuongeza aongeze.

Nianze na jambo ninalolisimamia kuliko yote: Kinosaki ulale. Usiende na kurudi siku hiyohiyo.

Mara ya kwanza nilifanya hivyo. Nilitoka Kobe asubuhi, nikafika mchana, nikalipa mlangoni kama mpita njia, nikaoga mabafu mawili, nikala tambi, nikaanza kuangalia saa. Treni yangu iliondoka saa kumi jioni, na kupitia dirishani nikaona watu wanaanza kutoka kwenye nyumba za wageni wamevaa yukata (vazi jepesi la Kijapani kama joho, la kufunga kwa mkanda), wanatembea polepole kando ya mto, taa ndiyo kwanza zinawashwa. Mji ulikuwa unaamka, mimi naondoka. Iliniuma hasa, na mwezi uliofuata nikarudi kulala.

Ili uelewe kwa nini usiku una uzito hivyo, lazima ujue mji wenyewe ulivyojengeka. Wenyeji husema Kinosaki yote ni nyumba moja ya wageni. Stesheni ndiyo mlango wa mbele, barabara ndiyo korido, zile nyumba za kulala (huku zinaitwa ryokani) ndivyo vyumba, na bafu la nyumba ni yale mabafu saba ya umma yaliyotawanyika mjini. Kwa hiyo mgeni akitaka kuoga anatoka chumbani, anashika "korido", anakwenda bafuni amevaa nguo za kushindia nyumbani. Hakuna anayekushangaa, kwa sababu bado uko nyumbani.

Na mpango huu haukuja wenyewe, ulipiganiwa. Zamani ryokani za Kinosaki hazikuwa na mabafu kabisa, wote walikwenda kwenye mabafu ya umma. Tarehe 23 Mei 1925 likapiga tetemeko kubwa la ardhi, moto ukafuata, mji ukateketea. Katika eneo lote la kaskazini mwa Tajima, yaani upande huu wa Hyogo, walikufa watu zaidi ya 400. Mji ulipojengwa upya, mwaka 1927 ryokani moja ikataka kuwa na bafu lake la chemchemi ndani ya ua wake. Wenyeji wakakataa: maji haya ni ya mji, ukiyafungia ndani kwako wageni hawatatoka tena, na mwenye duka, muuza peremende na mtengeneza viatu vya mbao watakula nini? Wakapelekana mahakamani, na jambo lenyewe halikwisha hadi 1950, vita kuu vikiwa vimepita katikati. Wakapatana hivi: mabafu ya ndani yaruhusiwe, lakini yawe madogo, ili mgeni bado awe na sababu ya kutoka nje.

Mimi nikiona wale watu kandokando ya mto usiku, huwa naikumbuka kesi hiyo. Wanatembea pale kwa sababu kuna watu walikataa maji yafungiwe uani.

Mto wenyewe ni mdogo, unaitwa Otani. Umepita katikati ya mji, kuta zake zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano, kuna vidaraja vya mawe vilivyopinda, na mierebi imeinamia maji. Kutoka stesheni hadi mwisho wa mji ni dakika kama 20 kwa miguu. Gari hulihitaji.

Nitaendelea na usafiri.

Mtoa uzi

Usafiri.

Kutoka Osaka kuna treni ya haraka iitwayo Kounotori, kutoka Kyoto kuna nyingine yenye jina la mji wenyewe, Kinosaki. Zote hutumia kama saa mbili na nusu hadi tatu, na nauli ya upande mmoja ni takriban yen 5,000 hadi 6,000. Sisi wa Kobe na Himeji tunapanda Hamakaze, treni ya dizeli. Ikifika Himeji inageuza mwelekeo, abiria wote wanasimama kuzungusha viti, halafu inapanda milimani taratibu. Hamakaze ni chache sana kwa siku, ukiikosa umeharibu ratiba, kwa hiyo angalia saa zake mapema.

Kama umekuja kwa viza ya matembezi, kuna pasi ya reli ya kampuni ya JR ya eneo pana la Kansai (upande huu wa Osaka, Kyoto na Kobe), ya siku 5 mfululizo, mara ya mwisho niliyoangalia ilikuwa yen 12,000, na Kinosaki imo ndani. Ukijumlisha Kyoto, Osaka, Himeji na Kinosaki, inajilipa haraka. Sisi wenye kadi za ukaazi haituhusu, hiyo ni ya wageni wa muda mfupi tu.

Mizigo mikubwa iache kwenye kabati za stesheni ya Osaka au Kyoto. Beba begi la mgongoni. Ryokani itakupa taulo, yukata, mswaki, hata soksi zenye kidole gumba peke yake.

Panga ufike saa saba au saa nane mchana. Ryokani nyingi hupokea wageni kuanzia saa tisa alasiri, lakini begi wanakupokelea hata kabla. Ukishasajiliwa unapewa Yumepa, kibali chenye msimbo ambacho unakionyesha mlangoni mwa bafu lolote kati ya yale saba na kuingia bure, hata kesho yake siku ya kuondoka. Kinatolewa kwa anayelala mjini. Hii ni sababu nyingine ya kulala.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu, na ukisema utafika saa hiyo, fika. Vyombo vinapangwa kimoja kimoja kwa ajili yako, mpishi anahesabu dakika. Kumi na tano za kuchelewa ni kumkosea heshima.

Kwa hiyo ratiba yangu huwa hivi: bafu moja kabla ya kula, mawili baada ya kula, moja asubuhi na mapema. Saba kwa usiku mmoja yanawezekana, wapo wanaofanya hivyo, ila ngozi inachoka na kichwa kinakuwa chepesi. Manne yanatosha kabisa.

Mdau wa Tanga

Mkuu uzi mzuri. Kwetu Tanga tuna maji ya kiberiti kule Amboni, Galanos, tangu wadogo tunaambiwa yanaponya upele. Swali langu, hayo ya Kinosaki yananuka kama yetu? Na serikali yao inajuaje kama hii ni chemchemi kweli na si mtu kachemsha maji ya bomba?

Mtoa uzi

Swali zuri ndugu. Hayanuki. Ya Kinosaki ni ya chumvichumvi, yana sodiamu na kalisiamu. Yakikuingia mdomoni utaisikia chumvi kidogo, na ukitoka mwili unabaki na joto muda mrefu, unaweza kutembea kwenye baridi dakika kumi na usisikie. Ukitaka harufu ya kiberiti nenda Kusatsu au Beppu.

Kuhusu serikali, wana Sheria ya Onseni tangu 1948. Maji yakitoka ardhini na nyuzi joto 25 au zaidi yanaitwa onseni. Yakiwa baridi kuliko hapo, lazima yawe na kiwango kilichowekwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa. Na kila bafu linabandika ukutani karatasi ya vipimo vya maji yake. Ukilala mjini unalipa pia kodi ya kuoga, yen 150 hivi kwa mtu, usishangae ukiiona kwenye risiti.

Mdau wa Nairobi

Niaje wakubwa. Mimi nimeenda Bogoria mara kadhaa, pale maji yanaruka juu yakichemka, watu wanachemsha mayai. Huko mnaoga kwa yale maji hivyo hivyo? Si mtu ataungua? Na hayo mabafu saba yana tofauti gani ama ni biashara tu?

Mtoa uzi

Karibu ndugu wa Nairobi. Bogoria ni nyingine, pale unaona ardhi yenyewe ikitokota. Kinosaki maji ya moto sana hupozwa kabla ya kufika bafuni. Ukiingia utakuta kama nyuzi 42. Si ya kuunguza, lakini mara ya kwanza utashtuka. Mayai pia wanachemsha: karibu na kituo cha gari la kamba linalopanda mlimani kuna kisima chenye maji ya moto, unanunua mayai kwenye kiwavu hapo jirani, unayatumbukiza, dakika 11 yameiva.

Mabafu yana tofauti, na kila moja lina kisa.

Kono-yu ndilo wanalosema ni la kale kuliko yote. Kisa chake ni kwamba korongo mwenye mguu ulioumia alionekana akijitibu kwenye maji hapo, watu wakagundua chemchemi. Liko mwisho wa mji, lina bafu la nje lililozungukwa na miti, na mimi nikiulizwa nalitaja kwanza. Asubuhi na mapema ukiwa pale unasikia ndege tu.

Mandara-yu linahusishwa na mtawa Dochi Shonin. Inasimuliwa kwamba aliomba siku 1,000 kwa ajili ya wagonjwa, na mwaka 720 maji yakabubujika. Ndiyo maana mji unahesabu miaka 1,300. Kwa desturi ya zamani mgeni alianza kwa kupanda hekalu la Onsenji kumshukuru mtawa huyo, akapewa kata ya kuchotea maji, ndipo akaoga. Siku hizi gari la kamba linakupeleka, hekalu liko kituo cha katikati, na juu kabisa unaona mto Maruyama ukielekea bahari ya Japani.

Ichino-yu liko katikati ya mji, ndani yake kuna bafu lililochongwa kwenye mwamba kama pango. Jina lake maana yake ni "maji ya kwanza", kwa sababu tabibu wa enzi ya Edo (1603 hadi 1868), Kagawa Shutoku, aliyasifu kuwa bora kuliko yote chini ya mbingu. Goshono-yu ni kubwa, limejengwa kwa mfano wa kasri la Kyoto, na ukikaa ndani unatazama maporomoko. Hilo ndilo linalojaa kuliko mengine, nenda wakati watu wanakula. Yanagi-yu ni dogo, la mbao, maji yake mimi nayaona ya moto kuliko wenzake. Jizo-yu wanakwenda sana familia za wenyeji. Satono-yu liko mlangoni mwa stesheni.

Kila bafu lina siku yake ya mapumziko katika wiki, na mengine hufungwa kwa ukarabati. Tazama ratiba kabla hujafunga safari ili lile unalolitaka lisiwe limefungwa.

Halafu kitu kimoja cha wanaoamka mapema: kwenye mabafu yanayofunguliwa saa moja asubuhi, mgeni wa kwanza kuingia hupewa kibao cha kumbukumbu cha mtu wa kwanza. Nimekipata kimoja tu, Januari, theluji imejaa hadi kwenye vifundo, nikiwa nimesimama nje na mzee mmoja wa Kijapani ambaye alikuwa wa kwanza mbele yangu. Akarudi nyuma hatua moja, akanionyesha kwa mkono nipite. Kile kibao kiko mezani kwangu hadi leo.

Mdada wa Unguja, sasa Osaka

Assalaam alaykum. Kaka mtoa uzi, mimi nimesoma yote na nina jambo linalonitia mashaka. Mama yangu anakuja kutoka Unguja mwezi wa kwanza, ana miaka 61, magoti yanamsumbua, na nina hamu sana ya kumpeleka kwenye maji hayo. Lakini nimesikia watu wanaoga uchi pamoja. Mama yangu hilo hatalifanya, hata wakiwa wanawake watupu, na mimi sitamlazimisha. Halafu chakula, sisi hatuli nguruwe wala kitu kilichotiwa pombe. Je, niache tu?

Mtoa uzi

Wa alaykum salaam dada. Usiache. Naomba unisikilize kwa utaratibu, maana jambo lako linawahusu wengi humu.

Ni kweli, kwenye mabafu ya umma watu huoga bila nguo yoyote. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, mapazia mlangoni yana maandishi ya kuwatenga. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi, na kitaulo kidogo hakitumbukizwi majini. Wao kwao si jambo la aibu, ni usafi na usawa. Lakini mama ana mpaka wake na mpaka huo ni wa kuheshimiwa.

Kuna kitu kinaitwa kashikiri, yaani bafu unalolikodi wewe na watu wako peke yenu. Ryokani nyingi za Kinosaki wanalo. Unafunga mlango kwa ndani, mna dakika kama 40 au 50, maji ni yaleyale ya chemchemi ya mji. Ukiwa ndani mama anaoga anavyotaka, hata peke yake, wewe ukakaa nje mlangoni. Sehemu nyingine ni bure kwa mgeni, nyingine wanatoza. Ukiweka chumba, andika mapema kwamba unahitaji kashikiri na utaje saa. Usiombe ukishafika, siku za Jumamosi zinajaa.

Pia kuna ashiyu, mabafu ya miguu. Yako barabarani, bure, unakaa kwenye benchi umevaa nguo zako zote, unatumbukiza miguu hadi chini ya magoti. Kwa mama mwenye magoti mabovu hilo peke yake ni safari.

Chakula. Mwandikie mwenye nyumba siku kadhaa kabla, kwa Kijapani, kwa maneno machache: hakuna nguruwe, hakuna nyama, samaki na mboga sawa, hakuna sake (pombe ya mchele) wala mirini. Mirini ndiyo hasa inayojificha, ni pombe tamu ya kupikia, wanaitia kwenye mchuzi wa samaki, kwenye mayai, karibu kila mahali. Wengine watakujibu kwamba hawawezi kuiondoa, na jibu hilo ni la uungwana, mshukuru halafu chukua chumba bila chakula. Ukipita Kobe, karibu na msikiti wetu wa Kobe, uliojengwa 1935 na ulio wa kwanza nchini Japani, kuna maduka ya halali. Beba mkate, makopo, tende. Mjini Kinosaki utapata samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali mweupe, matunda na mayai yale ya kisimani.

Kuhusu kaa, huo mwezi wa kwanza ndio msimu wake. Unaanza tarehe 6 Novemba hadi Machi, na bei za vyumba hupanda kwa sababu yake. Kaa huyu wanamwita Matsuba, anavuliwa kilindini na hapandi nchi kavu. Kwetu wako wanaomla na wasiomla, hilo mama mwenyewe ataamua.

Sala haina shida. Chumba cha tatami, yaani cha mikeka ya Kijapani, ni kisafi, viatu vinaishia mlangoni, unatandika msala tu.

Na dada, mwambie mama hivi: Unguja si wageni wa jambo hili. Hamamni pale Mji Mkongwe, aliyoijenga Seyyid Barghash, ilikuwa bafu la umma la maji moto, watu wakienda kuoga, kunyolewa na kuzungumza. Leo limebaki jengo la kutazamwa. Kinosaki bado maji yanatembea.

Mdada, muuguzi, Nagoya

Naongeza ya afya, kwa sababu nimeona watu wetu wakianguka bafuni.

Dada wa Unguja, kama mama ana presha, aulize daktari wake kabla hajapanda ndege. Hatari kubwa ni kutoka baridini na kuzama ghafla kwenye nyuzi 42. Ajimwagie maji kwanza, miguu, mikono, kisha kifua. Akae dakika tatu hadi tano, atoke, apumzike, arudi kama anataka. Asiingie mara baada ya kula. Anywe maji kabla na baada. Ainuke taratibu, umshike mkono, sakafu ni ya mawe na inateleza.

Wenye misuko na rasta: zifunge juu zote, nywele zisiguse maji ya bafu. Kofia ya plastiki inakubalika, mimi huivaa na hakuna aliyenikataza.

Kuosha mwili ni kabla ya kuingia bafuni. Kuna vibao vidogo vya kukalia na bomba. Kaa, jisugue na sabuni, jisuuze mpaka povu liishe, ndipo uingie. Hilo ndilo kosa ambalo Wajapani huliona haraka, na hawatakwambia, watanyamaza tu.

Na mafuta ya kujipaka beba ya kwako, maji ya chumvi na baridi ya huko vinakausha ngozi yetu sana.

Mdau wa Nairobi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Niko na tattoo mkono mzima. Nimesoma wanafukuza watu. Na budget, usiku mmoja pesa ngapi?

Mtoa uzi

Tattoo: mabafu saba ya umma ya Kinosaki yanakuruhusu. Hii ni moja ya sababu wageni kutoka nje wanaupenda mji huu, kwa sababu sehemu nyingi Japani bado wanakataa. Bafu la ndani ya ryokani kila mwenye nyumba ana sheria yake, uliza.

Fedha: ryokani ya kawaida yenye chakula cha jioni na cha asubuhi ni kama yen 18,000 hadi 35,000 kwa mtu mmoja. Bei ni kwa kichwa, si kwa chumba, wengi wanakosea hapo kwenye hesabu. Msimu wa kaa inazidi. Bila chakula unaweza kupata chini ya hapo. Katikati ya wiki ni nafuu, Jumamosi ni ghali. Bakshishi hakuna, usiache hela mezani, watakufuata nayo barabarani.

Ukibaki na nusu siku ya kurudi, nina mapendekezo mawili, na ninayapenda kwa uzito mmoja. La kwanza ni Genbudo, pango la mawe ya volkano yenye umri wa miaka milioni 1.6, yamejipanga kama nguzo za pembe sita. Mwaka 1926 mwanasayansi Matuyama Motonori alipima mawe ya hapo akakuta sumaku yake imeelekea kinyume na ya dunia ya leo, na kutoka hapo akaeleza kwamba sumaku ya dunia iliwahi kugeuka. Nenda kwa teksi au baiskeli, maana stesheni yenye jina hilo iko ng'ambo ya mto.

La pili ni yule ndege korongo. Wa mwisho wa porini Japani alikufa mwaka 1971, hapahapa Toyooka, manispaa ambayo Kinosaki imo ndani yake. Mwaka 1985 wakaletewa makinda sita kutoka Khabarovsk, 1989 vifaranga vya kwanza vikaanguliwa, na 2005 wakaachiwa huru. Wakulima wa mpunga walipunguza dawa mashambani ili ndege wapate vyura na samaki wa kula. Ukiwa kwenye treni kabla ya Toyooka tazama mashamba upande wowote. Mimi nimewaona wawili wamesimama kwenye maji ya shamba, weupe, mabawa yana weusi kwenye ncha. Hata treni ya Osaka imepewa jina lao, Kounotori maana yake ndiye huyo.

Mdau wa Tanga

Yukata inavaliwaje mkuu? Isije mtu akavaa kinyume.

Mtoa uzi

Upande wa kushoto unakuja juu ya kulia, kwa mwanaume na mwanamke. Kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti, mwenye nyumba akikuona atakukimbilia kukurekebisha. Baridini wanakupa koti zito la juu. Dada anayejisitiri anaweza kuvaa nguo ya mikono mirefu na suruali ndani yake, na mtandio wake, inapendeza na hakuna anayeuliza. Viatu vya mbao vinaitwa geta, ndivyo vinavyolia ko-ko-ko mji mzima usiku. Theluji ikiwepo usivivae, omba buti za mpira, wanazo mlangoni pamoja na miavuli.

Mdada wa Unguja, sasa Osaka

Nimerudi na mrejesho, nimechelewa mniwie radhi.

Tulikwenda Jumanne hadi Jumatano, mimi na mama. Ryokani ya kwanza niliyoiandikia ilijibu kwamba mirini hawawezi kuiondoa, nikafanya kama ulivyosema kaka, tukachukua nyingine bila chakula. Tulibeba wali wa nazi na samaki niliopika nyumbani, tukaombwa tuwape waupashe moto, wakaturudishia kwenye vyombo vyao vizuri na chai.

Kashikiri niliiweka saa kumi na moja jioni. Nilimfungulia mama maji ya kujimwagia, nikamwonyesha, nikatoka nikakaa nje mlangoni na taulo lake. Nilimsikia kimya muda mrefu mpaka nikagonga. Akasema, "Niache kidogo." Alipotoka hakuzungumzia magoti. Aliniambia kuhusu bibi yake, mzaa mama yake, aliyekuwa akichemsha maji ya majani ya mkaratusi na kumkanda miguu akiwa mdogo, kisa ambacho mimi sijawahi kukisikia katika maisha yangu yote.

Usiku theluji ilianguka, tukatembea na buti zetu hadi darajani na kurudi. Asubuhi tulikaa ashiyu karibu saa nzima pamoja na mabibi wawili wa Kijapani. Hawakujua neno la lugha yetu wala sisi yao. Mmoja akamshika mama goti, akalipapasa, kisha akalishika la kwake mwenyewe. Wakacheka wote wawili.

Sasa mama anauliza kama kuna maua yale ya sakura (ya mcheri), ya rangi ya waridi, kando ya mto, maana ameiona picha stesheni. Kaka, huchanua lini? Viza yake inaisha katikati ya mwezi wa nne.

Mtoa uzi

Alhamdulillah dada, mpe mama shikamoo yangu. Miti ya maua ipo, barabara ya Kiyamachi, ile inayofuata mto kwenda Kono-yu. Mara nyingi huchanua mwanzoni mwa Aprili na hukaa siku chache tu, na usiku huwa wanaiwekea taa. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mwezi ndiyo yenu. Msimu wa kaa utakuwa umekwisha, lakini kwa ajili ya maua vyumba vinaondoka haraka. Andikia leo ile ryokani iliyowapashia wali, na ukumbuke kutaja kashikiri.